Majina ya Wajapani na Maana Yake

Mtu akisimama kando ya barabara kuu, Mombasa au Dodoma au Kampala, na kusoma majina yaliyoandikwa juu ya motokaa na pikipiki zipitazo, husoma maneno ya Kijapani kutwa nzima pasipo kujua. Honda, Toyota, Suzuki, Yamaha, Isuzu: haya hayakubuniwa na wenye viwanda. Manne ya kwanza yatokana na majina ya koo za watu, na la tano ni jina la mto. Tena kila moja lina maana yake. Honda ni jaruba la asili, yaani lile shamba la mpunga lililo kubwa na la kwanza. Toyota ni jaruba lenye neema. Yamaha ni jani la mlima. Suzuki, likisomwa kama lilivyoandikwa, ni mti wa kengele. Na Isuzu, mto upitao mbele ya hekalu kuu la Ise, ni kengele hamsini. Basi majaruba ya wakulima wa Japani hupita kila siku katika njia za Afrika, yamebandikwa juu ya mabati.

Ili kuyafahamu majina haya, yafaa kwanza kujua jinsi Wajapani waandikavyo. Waarabu na Wazungu wana herufi chache, na kila herufi ni sauti. Wajapani nao wana herufi za sauti, lakini pamoja nazo wana alama nyingine, maelfu kwa hesabu, walizozipokea zamani kutoka China, na kila alama ina maana yake yenyewe. Alama ya mlima ni vilele vitatu. Alama ya jaruba ni mraba uliokatwa kwa msalaba ndani yake, kama shamba la mpunga na matuta yake lionekanavyo kwa mtu aliye juu ya kilima. Alama ya mti ni mti, una shina na matawi. Na mwandishi akitia mstari mdogo kwenye shina la mti huo, alama yageuka kuwa nyingine: sasa ni shina, au mwanzo, au asili.

Alama hii ya asili yastahili kufuatwa kidogo. Katika jina Honda imo, nayo husomwa *hon*. Katika jina Yamamoto imo pia, lakini humo husomwa *moto*, na jina zima maana yake ni chini ya mlima, pale mlima uanzapo. Imo tena katika Nihon, jina ambalo Wajapani waiita nchi yao wenyewe. Nihon ni alama mbili, jua na asili. Kwa kuwa mtu aliye China akitazama mashariki huliona jua likichomoza upande wa nchi ile. Na kwa nini alama moja isomwe *hon* hapa na *moto* pale? Sababu ni kwamba Wajapani walipozipokea alama, walipokea pia sauti zake za Kichina, lakini maneno yao ya zamani hawakuyatupa. Kwa hiyo alama moja yaweza kuwa na sauti mbili, au tatu, au zaidi.

Ndiyo maana Mjapani akitajiwa jina la mtu asiyemjua hatosheki kulisikia. Huuliza laandikwaje, na mwenye jina huzitaja alama moja moja, au huzichora kwa kidole juu ya kiganja cha mkono wake. Jina la Kijapani huulizwa mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya sikio, na mara ya pili kwa ajili ya jicho. Yako mambo mengi, mengine ya kuchekesha na mengine ya huzuni, yaliyotokea kwa sababu sikio na jicho hayakupatana.

Katika Japani jina la ukoo hutangulia, na jina la mtu mwenyewe hufuata. Lakini kwa muda mrefu si kila mtu aliyekuwa na haki ya kulitumia jina la ukoo. Katika karne ya 16 aliishi mtu aitwaye Hideyoshi. Alizaliwa katika nyumba ya watu wa chini, mahali paitwapo Nakamura, yaani kijiji cha katikati. Alipoingia katika utumishi wa bwana mkubwa, Oda Nobunaga, alijulikana kwa jina la Kinoshita, yaani chini ya mti. Alipopanda cheo, jina hilo halikumtosha tena. Akajitwalia jipya, Hashiba. Na husimuliwa ya kwamba alikata alama moja kutoka jina la Niwa na nyingine kutoka jina la Shibata, maamiri wawili waliokuwa wakubwa wake, akaziunganisha, ili wote wawili wapendezwe wala wasimwonee kijicho. Mwaka 1586, alipokuwa amekwisha kuishika sehemu kubwa ya nchi, alipewa na Mfalme Mkuu jina la Toyotomi, yaani waziri wa neema. Hiyo *toyo* yake ndiyo *toyo* ya Toyota, kwa alama ile ile.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyepanda kutoka chini hakuwaachia wengine ngazi. Mwaka 1588 aliamuru wakulima wote wanyang'anywe panga zao. Baada ya kufa kwake utawala ukawa wa ukoo wa Tokugawa, tangu mwaka 1603 mpaka 1868, na katika siku hizo upanga na jina la ukoo vilikuwa dalili za samurai, watu wa vita. Mkulima, seremala na mfanya biashara hawakuweza kujiandika kwa jina la ukoo katika barua za serikali, isipokuwa kwa ruhusa. Si kwamba hawakuwa nayo majina hayo. Koo nyingi za wakulima zilikuwa na jina lao, wakaitana kwalo kijijini, na hata kuliandika katika vitabu vya hekalu. Bali mbele ya afisa walinyamaza, wakajiita Kichibei wa kijiji fulani, basi.

Serikali mpya iliyoingia mwaka 1868 ilitaka kuwajua watu wake wote, iwatoze kodi na kuwaandika jeshini. Mwaka 1870 ikawaruhusu watu wote kutumia jina la ukoo. Wengi hawakujishughulisha, pengine kwa kuogopa kodi. Ndipo mwaka 1875 ruhusa ikageuzwa kuwa amri: kila mtu lazima awe na jina la ukoo, na asiyelijua la wazee wake na ajichagulie. Ukoo mmoja tu haukuguswa na amri hiyo, nao ni ukoo wa Mfalme Mkuu, ambao hauna jina la ukoo hata leo. Hivyo waliokuwa chini kabisa walipewa majina, na aliye juu kabisa akabaki bila.

Mkulima aliyetakiwa kutaja jina la nyumba yake, atalitaja jina gani ila la mahali akaapo? Majina mengi ya Wajapani ni kama picha ya kijiji. Tanaka ni katikati ya majaruba. Yamada ni jaruba la mlimani. Inoue ni juu ya kisima. Kobayashi ni msitu mdogo, Ishikawa ni mto wa mawe, Takahashi ni daraja refu, na Kawakami ni upande wa juu wa mto. Majina mengine yalitokana na koo kubwa za zamani: Sato, Ito, Kato na Saito, yote huishia kwa alama ya mmea utambaao wenye maua ya zambarau, nayo ni alama ya ukoo wa Fujiwara uliotawala barazani kwa mfalme karne nyingi. Si kila Sato ni wa damu ya Fujiwara, lakini hakuna awezaye kuwakatalia. Majina ya koo yazidi 100,000, na mengine yana nyumba chache tu.

Hata jina la Toyota lilipita njia yake. Mwenye kiwanda hakuitwa Toyota bali Toyoda. Baba, Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufuma nguo, na mwanawe Kiichiro ndiye aliyeanza kutengeneza motokaa. Mwaka 1936 wakachagua kuandika Toyota kwa herufi za sauti, kwa kuwa hivyo jina hupata mikwaju minane ya kalamu, na nane kwa Wajapani ni hesabu ya heri: alama yake hupanuka kuelekea chini, kama njia izidiyo kuwa pana. Mwaka 1959 mji wa Koromo, wenye kiwanda hicho, nao ukabadilishwa jina ukaitwa Toyota.

Jina la mtu mwenyewe ni kazi ya wazazi, na hapo ndipo watu hutumia fikira nyingi. Zamani wavulana wengi waliitwa kwa hesabu: Ichiro ni mwana wa kwanza, Jiro wa pili, Saburo wa tatu, Goro wa tano, kama watu wa pwani ya Afrika waitavyo watoto wao Mosi na Pili. Wasichana walipewa majina ya maua, theluji na majira, na kwa miaka mingi majina yao yaliishia kwa *ko*, maana yake mtoto: Hanako ni mtoto wa ua, Yukiko mtoto wa theluji. Siku hizi majina ya namna hiyo yamepungua. Wasichana watatu waweza kukaa darasa moja, wote wakaitwa Yoko, na kumbe majina yao ni matatu: mmoja ni mtoto wa jua, wa pili ni mtoto wa bahari kuu, wa tatu ni mtoto wa jani, kwa alama ile ile ya Yamaha. Mwalimu akiita Yoko kwa sauti, wote watatu huinuka. Akiandika ubaoni, huinuka mmoja.

Tangu mwaka 1948 sheria huwaamuru wazazi wachague katika orodha ya alama zilizokubaliwa. Lakini orodha haiwezi kuzuia kila jambo. Mwaka 1993 baba mmoja alitaka kumwita mwanawe Akuma, maana yake shetani. Alama zote mbili zilikuwamo katika orodha. Hata hivyo ofisi ya mji ikakataa, kwa ajili ya taabu itakayompata mtoto maishani. Shauri likafika mahakamani, nchi nzima ikabishana, na mwishowe baba akaandikisha jina jingine. Na jambo moja la kushangaza ni hili, ya kuwa kwa miaka zaidi ya mia daftari la serikali liliandika alama za jina tu, wala halikuandika lasomwaje. Jicho lilikuwa na sheria, sikio halikuwa nayo. Sheria ya kuandika sauti pia katika daftari ilianza kutumika mwezi wa Mei 2025.

Miji na nchi nazo ziliitwa kwa njia hii hii. Mji wa Edo, maana yake mlango wa hori, ulikuwa mji wa watawala wa ukoo wa Tokugawa. Mwaka 1868 ukaitwa Tokyo, mji mkuu wa mashariki. Na *kyo* yake ndiyo *kyo* ya Kyoto, mji mkuu wa zamani, tena ndiyo *jing* ya Beijing, mji mkuu wa kaskazini wa Wachina. Osaka ni mteremko mkubwa. Nagasaki ni rasi ndefu. Hiroshima ni kisiwa kipana, kwa sababu ngome yake ilianza kujengwa mwaka 1589 juu ya visiwa vya mchanga mahali mto uingiapo baharini. Dunia nzima huyajua majina haya mawili ya mwisho kwa ajili ya mabomu ya atomiki yaliyoangushwa mwezi wa Agosti 1945, na ni wachache wanaokumbuka rasi na kisiwa.

Kupamba majina kwa alama nzuri ni desturi ya zamani sana. Mwaka 713 mfalme alitoa amri ya kwamba majina ya majimbo na wilaya yaandikwe kwa alama njema. Lilikuwako jimbo la Izumi, maana yake chemchemi, na alama yake ilikuwa moja tu. Majina mengi yalikuwa na alama mbili. Basi Izumi likaongezewa mbele yake alama ya amani, lakini sauti haikuongezwa kitu. Hata leo alama hiyo ya amani huandikwa wala haisomwi. Imesimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

Hayo ni ya kuchekesha. Ya Wakorea hayachekeshi. Wakorea nao waliandika majina yao kwa alama za Kichina, ila wakazisoma kwa sauti yao wenyewe. Mwaka 1910 Japani iliitwaa Korea. Mwaka 1936, katika michezo ya Olimpiki mjini Berlin, kijana mmoja Mkorea alishinda mbio ndefu za Marathoni kwa saa 2, dakika 29 na sekunde 19. Jina lake lilikuwa Sohn Kee-chung. Lakini alikimbia na bendera ya Japani kifuani, na jina lililotangazwa lilikuwa Son Kitei: alama zile zile tatu alizopewa na wazazi wake, zimesomwa kwa ulimi wa watawala. Alipopanda jukwaani kupokea nishani aliinamisha kichwa, akaushika mbele ya kifua mche wa mwaloni aliopewa kwa ushindi wake, nao ukaifunika bendera. Watu walipomwomba awaandikie jina lake, aliandika kwa herufi za Kikorea. Huko kwao gazeti la Dong-A Ilbo likachapa picha yake, bendera imefutwa. Waandishi wakakamatwa, na gazeti likafungwa kwa miezi mingi.

Mwaka 1940 mambo yalizidi. Sheria iliwataka Wakorea wajiandikishe kwa majina ya ukoo ya Kijapani, na asiyefanya hivyo aliona taabu katika shule, kazi na chakula. Katika muda wa miezi sita nyumba kama nane katika kila kumi zilikuwa zimejiandikisha. Lakini wengi walitafuta njia ya kuificha mali yao ndani ya kile walicholazimishwa. Watu wa ukoo wa Kim, ambao alama yao ni dhahabu, walijiita Kaneda, jaruba la dhahabu, au Kanemoto, asili ya dhahabu. Sikio la Mjapani lilisikia jina la Kijapani; jicho la Kim liliona alama ya babu zake bado ipo. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945 watu wakaanza kurudia majina yao, na mwaka 1946 ikatolewa sheria ya kuyarudisha. Mwaka 1988 michezo ya Olimpiki ilifanyika Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, na mzee mmoja wa miaka 76 akaingia uwanjani na mwenge mkononi, akirukaruka kwa furaha kama mtoto. Safari hii alitangazwa kwa jina la Sohn Kee-chung.

Kwa Wakorea alama zilibaki, na sauti ikabadilishwa. Kaskazini mwa Japani ilikuwa kinyume chake. Huko kuna kisiwa kikubwa chenye baridi kali, na wenyeji wake ni Waainu, watu wenye lugha isiyo na undugu na Kijapani, nao hawakuwa na maandishi. Majina yao ya mahali yalikuwa maelezo ya wazi yanayomfaa mvuvi na mwindaji. *Pet* ni mto, *nay* ni kijito, *wakka* ni maji. Wajapani walipoikalia nchi hiyo hawakuyatupa majina. Waliyasikia, kisha wakatafuta alama zozote zenye sauti iliyokaribia, wakaziandika. Mji wa Wakkanai ulioko ncha ya kaskazini ulipata jina kwa kijito cha maji baridi. Alama zake husema changa na ndani, nazo hazina habari ya maji hata kidogo. Noboribetsu ni mahali pa chemchemi za moto. Waainu waliita *nupur-pet*, mto wenye rangi nzito, kwa sababu maji ya chemchemi huutibua. Alama zake ni panda na tengana. Mtoto wa shule akizisoma alama hizo kwa makini zaidi, ndivyo apoteavyo zaidi.

Kisiwa chenyewe Wajapani walikiita Ezo. Mwaka 1869 serikali ilitaka jina jipya, na msafiri Matsuura Takeshiro, aliyekuwa amekitembea kisiwa hicho mara nyingi pamoja na viongozi wa njia Waainu, akaleta majina kadhaa. Moja lilikuwa na neno *kai* katikati yake, kwa maana mzee mmoja wa Kiainu alimwambia ya kuwa *kai* ni mtu aliyezaliwa katika nchi hii. Serikali ikalipenda jina, ila ikabadili alama: mahali pa *kai* ya wenyeji ikaweka *kai* ya bahari. Jina likawa Hokkaido, njia ya bahari ya kaskazini. Sikio halikuona tofauti. Katika miaka iliyofuata Waainu wenyewe wakaandikwa katika daftari la serikali, wakalazimishwa kutwaa majina ya Kijapani, na watoto wao wakafundishwa kwa Kijapani tu. Ni mwaka 2019 tu sheria ya Japani ilipowataja kuwa ni wenyeji wa asili.

Huko Noboribetsu walizaliwa ndugu wawili Waainu, Chiri Yukie mwaka 1903, na mdogo wake Chiri Mashiho mwaka 1909. Dada aliandika nyimbo za masimulizi ambazo bibi yake aliziimba, akafariki mwaka 1922 akiwa na miaka 19, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Mdogo wake akawa mwalimu wa chuo kikuu, na mwaka 1956 akatoa kamusi ndogo ya majina ya mahali ya Kiainu, ili mtu atazamaye ramani aweze kuziacha alama na kurudia neno lililotamkwa kwanza. Alieleza pia ya kuwa kwa Waainu mto ni kama kitu chenye uhai, una kichwa na viungo, na kichwa chake kiko huko milimani. Wajapani husema mto huanza mlimani ukashuka baharini. Waainu, waliongoja samaki kila mwaka waingie kutoka baharini, walisema mto huanza pwani, ukapanda.